Mgongo wa Gari la Jeremy

Kinoo,
6 Machi 2005

Ndugu yangu Manjit Singh,

Natumaini baridi ya Leicester haijakumaliza. Sisi tupo. Goti langu la kulia linajua habari za mvua kuliko redio, na Nyakio anasema nikizidi kulalamika atanipima kwenye mizani ya duka lake aniuze kwa kilo. Binti yetu Kui bado yuko na kazi yake ya bima pale Westlands. Anasema siku hizi watu wanaandikiana kwa kompyuta, barua inafika kabla hujaifunga. Nimemjibu kwamba wewe unafaa kwa kalamu tu. Ukiandika Kiswahili wewe ni mwalimu, ukifungua mdomo unakuwa Kalasinga wa Kirinyaga Road.

Sasa sikiliza, na usicheke.

Jumanne nilikuwa nimekaa mbele ya duka, hapa kando ya Waiyaki Way, natazama magari. Unakumbuka mchezo wetu wa kulitaja gari kwa kuliona mgongo tu, kabla halijapita. Mchezo huo umekufa. Magari yote yamefanana, taa zimevutwa pembeni, buti limekatwa, ukitoa nembo hujui ni la nani. Hawa watengenezaji wanakopiana kama watoto wa darasa la nne. Nimekwambia hivyo tangu tukiwa vijana, na wewe kila mara unanijibu, "Mungai, hii watu haiibi, hii watu nakutana njiani tu."

Basi likapita gari jipya la Kijapani, rangi ya fedha, namba bado inang'aa. Likapunguza mwendo nyuma ya mkokoteni wa punda, nikaliona vizuri. Singh, nilisimama. Paa linashuka polepole, halafu badala ya kukatika kwenye buti linaingia ndani kidogo, kisha linainuka kama mdomo juu ya taa. Ni mgongo wa gari la Jeremy. Lile lile aliloligonga kwa nyundo kwenye garage yako mwaka wa themanini na moja, juu ya chesisi ya gari la yule daktari, mwaka mmoja kabla homa ya uti wa mgongo haijatunyang'anya kijana.

Nikamwita Nyakio. Akatoka na unga mikononi, akalitazama, akasema, "Hiyo ni ya Jeremy."

Wewe unajua maana yake. Tangu tumzike mwanangu, mke wangu hajawahi kulitamka jina hilo. Alisema "yule mtoto", na mara nyingi hata hilo hakusema. Ndiyo sababu tuliliuza gari lenyewe kwa yule mtu wa Karen aliyeliacha likaoza. Na sasa jioni ile alikaa mezani akaniambia habari za Jeremy mpaka chai ikapoa. Alivyokuwa akificha nyama chini ya ugali aile mwisho. Alivyokuwa akipiga mluzi akiwa na uongo mdomoni. Nilikuwa nimesahau hayo yote.

Unakumbuka tulilipeleka gari kwenye maonyesho pale Jamhuri Park, na wageni wakalipiga picha kila upande. Nina hakika ndipo watengenezaji walipokopi. Sitaki shilingi ya mtu. Nataka tu waandike kwamba mgongo huu ulizaliwa Kirinyaga Road, na aliyeuzaa ni Jeremy Mungai. Wewe ulikuwepo. Niambie tuanzie wapi.

Wako,
Mungai


Leicester,
29 Machi 2005

Mzee Mungai,

Barua yako Deepa aliniletea kitandani, maana hapa mtu wa umri wangu akipiga chafya binti yake anamlaza. Nimeisoma mara nyingi. Pale Nyakio alipolitaja jina nilifunga macho kidogo.

Nitakukubalia kitu ambacho nimekukatalia maisha yangu yote, nawe ufurahi. Ndiyo, wanakopiana. Nilikuwa nakataa kwa sababu kubishana na wewe kulifanya kazi iende haraka. Lakini Mungai, hakuna mwenye mwanzo. Mchoraji anafanya kazi kwa huyu leo, kesho anahamia kwa yule, anabeba mkono wake kama mpishi wa hoteli. Wote wanapimwa na upepo ule ule. Sheria inawaambia taa ikae kimo gani na kioo kilale vipi. Wananunua magazeti yale yale na kwenda maonyesho yale yale. Hata mimi na wewe, yale mabasi tuliyojenga, umesahau tulivyokuwa tukisimama stendi tunaangalia basi la jirani, bati amelikunja wapi? Ukianza kuuliza nani alichukua kwa nani hutafika mwisho, na njiani utakuta mambo ambayo hukuyataka.

Kwa hiyo nakuomba, acha kampuni. Acha mawakili. Mwache Nyakio aongee, na wewe usikilize. Hiyo inatosha kwa wazee kama sisi. Niandikie mengine anayosema. Mimi pia nilimpenda yule kijana, na hapa sina mtu wa kuongea naye habari zake. Deepa alikuwa mdogo, anakumbuka tu kwamba alimpa mnyororo wa baiskeli.

Barua hii nimeianza mara mbili. Usijali, ni macho.

Wako,
Manjit


Kinoo,
1 Mei 2005

Singh,

Umezeeka vibaya. Zamani ungekuwa umeshapanda ndege.

Nimekwenda kwenye duka la magari mjini, lile lenye vioo vikubwa, na gari lenyewe lipo ndani linazunguka taratibu juu ya sahani. Meneja ni kijana wa tai, ana adabu, akanipa chai. Nikamwonyesha picha yetu, ile ya Jeremy ameegemea buti mbele ya garage yako, wewe umesimama nyuma na kilemba kimejaa vumbi la rangi. Akaitazama, akalitazama gari. Akasema, "Mzee, mimi siwezi kusema kitu, lakini hata mimi naona." Nilitoka pale nimenyooka hata goti likasahau kuuma.

Kuna wakili, mtoto wa Joash wa kanisani kwetu, ana ofisi juu ya duka la nguo karibu na Moi Avenue. Amekubali kuandikia kampuni kule Japani. Anachohitaji ni kiapo cha mwenye garage. Useme kwamba ulikuwepo, na kwamba Jeremy aliutoa mgongo ule kichwani mwake mwenyewe, hakuukopi kwa mtu. Ni ukurasa mmoja. Nimeuweka humu. Nenda kwa wakili wa huko, uape, utie sahihi.

Nyakio ameipeleka picha ile kwa fundi akaitia fremu. Iko sebuleni, juu ya redio. Anayekuja kununua sukari anaelezwa. Juzi nilimsikia akicheka peke yake jikoni, nikaingia, akasema amekumbuka siku Jeremy alipomnyoa paka. Singh, ni mke wangu yule niliyemwoa. Nilidhani alizikwa pamoja na Jeremy.

Fanya haraka na kiapo.

Mungai


Leicester,
20 Mei 2005

Mpendwa Kui,

Nakuandikia ofisini kwako ili baba yako asiione barua hii. Isome ukiwa peke yako.

Baba yako amenitumia kiapo nitie sahihi. Siwezi, na nitakwambia kwa nini, maana kuna mtu mmoja lazima ajue.

Mwaka ule wa themanini na moja, baba yako alikwenda Murang'a kumuuguza babu yako hadi wakamzika. Aliondoka wiki tatu. Katika wiki hizo mama mmoja wa ubalozi, wa Spring Valley, alirudi nyuma na gari lake akagonga nguzo ya lango. Lilikuwa gari la Kitaliano ambalo sijaona jingine kama lile Nairobi, wala mahali pengine. Nadhani walitengeneza machache tu, hawakupata wanunuzi. Mimi na Jeremy tulilinyoosha nyuma. Na kila jioni, baada ya kazi, Jeremy alibaki na vipande vya kadibodi na mkasi. Aliweka kadibodi juu ya bati, akamulika tochi upande wa pili, na pale mwanga ulipopita akakata tena. Aliendelea hivyo mpaka mwanga ukakataa kupita. Alipima mgongo wote namna hiyo. Baba yako aliporudi, lile gari la Kitaliano lilikuwa limeshakwenda na mwenyewe, na Jeremy akaanza kulijenga lake.

Nilimwuliza, utamwambia baba? Akasema, "Anko, wacha kwanza asifu. Akishasifu nitamwambia." Sasa wewe unamjua baba yako. Hajawahi kusifu kazi ya mtu. Siku gari lilipokwisha alilizunguka kimya, kisha akavua koti lake la kanisani akalifutia vumbi. Baada ya hapo kijana angesema nini? Aliahirisha, na homa ikaja.

Haikuwa aibu, Kui. Kukopi namna ile ndiyo shule ya kazi yetu, mimi pia nilijifunza hivyo kwa baba yangu. Lakini baba yako ameijenga nyumba nzima juu ya gari lile. Nikitia sahihi nimeapa uongo kwa jina la Mungu, na uzee wangu huu siwezi. Nikimwambia kweli, naogopa mama yako atalimeza tena lile jina. Nishauri.

Anko wako,
Manjit


Westlands,
12 Juni 2005

Anko Manjit,

Nimeisoma barua yako chooni ofisini, mlango umefungwa. Halafu nimeichana, unisamehe.

Tafadhali usimwambie. Hujui nyumba ile ilikuwaje baada ya wewe kuhama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne Jeremy alipokufa, na tangu siku hiyo nilikula chakula changu cha jioni na watu wawili wasiosema kitu. Nilidhani ni mimi nimewakosea. Sasa nikienda Jumapili nasikia mama anaimba. Baba anamrekebisha hadithi, mama anamwambia, "Wewe hukuwepo, nyamaza." Wanagombana, Anko. Nilikaa kwenye gari nje nikalia kwa furaha ya kuwasikia wakigombana.

Najua nakuomba kitu kibaya. Kataa kiapo, sema lolote, sema wewe ni mgonjwa, sema dini yako haitaki. Atakasirika kidogo, halafu atatulia. Mimi nitamzuia wakili.

Ninakushukuru, na ninaona aibu.

Kui


Leicester,
2 Julai 2005

Mzee Mungai,

Kile kiapo sitaweza kukitia sahihi. Usiniulize sababu. Si kwamba sitaki mema yako, wala ya Jeremy. Nimekaa nacho mezani siku nyingi na mkono umekataa.

Msalimie Nyakio sana. Mwambie habari ya paka nimeicheka mpaka Deepa akaja kuniangalia.

Manjit


Kinoo,
24 Julai 2005

Bwana Singh,

Nimeipata karatasi yako. Nimeisoma nikatafuta barua yenyewe ndani ya bahasha, nikadhani imebaki posta.

Usiniulize sababu, unasema. Sababu nimeitafuta mwenyewe na nimeiona. Juu ya mlango wa garage paliandikwa jina lako. Kila kilichotoka pale kilikuwa chako, mabasi, malori, hata jasho letu. Mimi nilikufanyia kazi tangu nikiwa sina ndevu, na sikuwahi kukuomba kitu chenye jina. Sasa mwanangu ametengeneza kitu ambacho dunia nzima inakopi, na wewe unaona uchungu kusema hakikuwa chako. Kumbe ndivyo ilivyo. Mhindi anaweza kula na mimi, anaweza kumbeba mwanangu kwenda kaburini, lakini hawezi kutia sahihi kwamba Mwafrika alifikiri.

Nilikuita ndugu kwenye mazishi ya Jeremy mbele ya watu wote. Neno hilo nalirudisha.

Usiniandikie tena.

Mungai


Kinoo,
19 Februari 2006

Manjit ndugu yangu,

Nilikukataza kuandika na umetii, wewe ambaye hukuwahi kutii kitu nilichosema. Ningependa ungekuwa mkaidi mara hii.

Nitakueleza ilivyokuwa. Baada ya Krismasi nilikuwa dukani na Joash na wazee wengine wawili wa kanisa, nawaeleza habari zako. Sitaki kuandika nilivyosema. Nyakio alikuwa anapima mchele. Akaweka kibuyu cha kupimia chini, akasema mbele yao wote, "Baba Kui, wacha kumchafua huyo mtu. Jeremy alikopi. Hizo kadibodi ni mimi nilimpa, ni katoni zangu za sabuni. Hata mkasi ni wangu."

Joash alikumbuka ana safari. Wote walikumbuka wana safari.

Manjit, alijua. Jeremy alimwambia mama yake tangu siku ya kwanza. Alikuwa akirudi jioni na vipande vyake, anavipanga juu ya kitanda chake kwa mfuatano, anamwita aone. Nami niliporudi kutoka Murang'a vilikuwa vimeondolewa. Mama akanyamaza ili nisifu, kisha akanyamaza kwa sababu mwanawe amekufa. Na Kui naye akaniambia kwamba anajua, na kwamba wewe ndiwe uliyemwambia, na yeye ndiye aliyekuomba unikatalie bila sababu. Kila mtu nyumbani mwangu alikuwa ameshika ncha moja ya shuka lile lile, mimi tu nimelala chini yake.

Nilikaa na hasira kwa muda mrefu. Kwanza kwa kijana, kisha kwako, kisha kwa mke wangu. Nilimwuliza, kama ulijua, siku ile barabarani kwa nini ulisema ni ya Jeremy? Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Kwani si yake? Hiyo gari ya Spring Valley watu walikataa kununua, si ndio Manjit alimwandikia Kui? Hakuna mtu aliona iko sawa. Yeye aliona, na alikuwa kijana tu. Sasa hao wakubwa wote wamefika mahali alikuwa. Sasa nitanyamaza aje?"

Bado anaongea, Manjit. Hakulimeza jina. Tuliogopa bure, sote.

Lile neno la Mhindi nililiandika ili likuumize, na nilichagua maneno mpaka nikaona yanatosha. Nisamehe. Kama huwezi, najua.

Sasa nina ombi, na ndilo lililonikalisha kuandika. Habari za Jeremy nilizo nazo nimezimaliza. Nimezirudia mpaka zimekuwa nyepesi. Hata za Nyakio sasa nazijua. Kumbe wewe umekaa huko na wiki tatu za mwanangu ambazo sijawahi kuzisikia. Sikuwepo. Niambie. Alikata akiwa amekaa au amepiga magoti? Alivaa lile ovaroli la bluu? Alikosea wapi? Mwanga ulipokataa kupita alisema nini? Usinipe kwa ufupi, usifikirie stempu. Usiache kitu.

Ndugu yako, kama bado,
Mungai


Leicester,
25 Machi 2006

Mzee wangu Mungai,

Ni mimi Deepa. Unisamehe Kiswahili changu, kimechakaa kwa kukaa bila kutumiwa.

Baba alipatwa na kiharusi mwezi wa Novemba. Upande wa kulia umelala na hawezi kusema, ingawa anasikia na anaelewa. Tulitaka kukuandikia, lakini barua yako ya mwisho nilikuwa nimeiona chini ya mto wake, na nilidhani hungependa.

Barua yako mpya nilimsomea polepole, maneno mengine nikiyarudia. Alilia tangu pale uliposema ndugu. Mwisho ulipouliza maswali, alianza kujaribu kujibu. Alijaribu kwa sauti, haikuja. Nikampa kalamu mkono wa kushoto, akaandika mistari isiyosomeka, akaitupa. Nilimwambia, Baba pumzika, nitamweleza mzee kwamba huwezi. Akakasirika sana.

Kesho yake asubuhi wakati wa chai alinyoosha mkono kwenye sanduku la nafaka za asubuhi, akalimwaga lote mezani. Kisha akaonyesha droo ya mkasi. Alikata siku ile nzima, na iliyofuata. Mimi nilishika kadibodi, yeye akakata kwa mkono wa kushoto ambao hajawahi kuutumia. Vipande vingi alivitupa. Kila alipomaliza kimoja alifumba macho na kupitisha kidole kwenye ukingo wake, kisha akatikisa kichwa. Hiki kimoja hakukitupa. Alitaka tochi. Akanifanya niimulike nyuma ya kadibodi, akanitazama muda mrefu kama mtu anayengoja nielewe, nami sikuelewa.

Akalipiga piga jina lako kwenye bahasha, kwa hiyo nakutumia. Upande mmoja una picha ya jogoo, upande wa pili hakuna kitu. Kama wewe unajua ni nini, tafadhali niandikie nimsomee.

Binti yako,
Deepa


Kinoo,
30 Aprili 2006

Manjit ndugu yangu,

Deepa atakusomea hii. Deepa mwanangu, usiruke kitu.

Kadibodi ilifika. Nyakio ndiye aliyefungua bahasha, na hakuniuliza ni nini. Alikwenda chumbani akarudi amevaa viatu vya kutokea.

Kui alitushusha mjini kwenye lile duka la vioo. Gari halizunguki tena juu ya sahani, wamelisogeza kando, nafasi yake imechukuliwa na jingine ambalo limefanana nalo. Utacheka. Yule meneja wa tai alikuwa na wateja, kwa hiyo hakuna aliyetuzuia.

Niliweka kadibodi yako juu ya mgongo wa gari, Nyakio akawasha tochi upande wa pili. Mwanga ulipita, Manjit. Ulipita kwingi, pengine ungeingiza vidole. Nikasimama pale. Sijui kama ni mkono wako wa kushoto, au kama hawa watu hawakumkopi mtu, wala Mtaliano wala sisi, ni mimi tu niliyetaka kuona. Wewe ungesema walikutana njiani. Nilizunguka Nairobi nzima na picha na mawakili kwa sababu ya mgongo ule, na sasa mwanga ulikuwa unanipiga usoni. Niliona uchungu, lakini haukukaa.

Nyakio akanitolea mkasi wake wa duka kutoka kwenye mkoba. Ule ule alioutumia Jeremy, sasa umefungwa waya kwenye mpini. Nikapiga magoti. Nikakata kidogo, nikaweka, nikatazama mwanga. Nikakata tena. Manjit, huwezi kufanya kazi ile umekaa, wala umesimama. Lazima upige magoti, shavu likaribie bati, uzuie pumzi ili kadibodi isitikisike. Umenijibu. Sasa najua alivyokuwa jioni zile, shingo imeelekea wapi, kwa nini alirudi nyumbani na suruali imechanika magotini na mama yake akamgombeza. Nilikuwa mahali alipokuwa. Nililia pale chini na sikujificha.

Meneja akaja akasimama juu yetu. Akauliza, "Mzee, na mama, mnafanya nini hapo?"

Mimi sauti haikuja, kama yako. Nyakio hakuiondoa tochi. Akamwambia, "Tunakopi."

Kijana akaenda kutuletea kiti, ambacho hakuna aliyekikalia.

Nimekurudishia kadibodi ndani ya bahasha hii. Deepa akushikie, upitishe kidole ukingoni. Imepungua, na yule jogoo wenu sasa hana kichwa, lakini mwanga haupiti.

Ndugu yako,
Mungai